Nilivyowaunganisha Kina Melkiori

Mmeniomba niandike juu ya miaka yangu ya masjala kabla sijasahau, nami nimekubali kwa sharti moja: sitaandika nilipandishwa cheo lini. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili nilichoongezewa ni funguo. Nitaandika juu ya mfumo wa kompyuta tuliouacha na ule tuliouchagua badala yake, kwa sababu wengi wenu mlipoajiriwa mlikuta yameshakwisha, na mnaposimuliana wakati wa chai mnasimulia vibaya. Mnasema kompyuta ilimuua mtu. Kompyuta haikumuua mtu. Mbele yake nilikuwa nimekaa mimi.

Nilizaliwa Kilema, nikaja kuanza kazi katika hospitali hii ya misheni, mabonde kadhaa kutoka kwetu, miaka ya themanini ilipokuwa inaelekea ukingoni. Aliyenipokea alikuwa Sista Adelina, mkuu wa masjala, mama mfupi mwenye sweta la kijivu na macho yasiyokosa kitu. Siku ya kwanza hakunionyesha kadi hata moja. Alinipa kitambaa na ndoo, akaniambia nifute rafu zote, halafu nifute tena. Nilifikiri ananitesa. Ilipofika masika nikaelewa: kadi zilikuwa za karatasi ngumu, zimepangwa kwenye masanduku marefu ya mbao, na unyevu wa huku juu ukizipata zinashikana kama chapati. Panya nao walikuwa na sehemu yao. Walipenda zaidi herufi M, na sikuwalaumu, maana nusu ya mlima huu inaanza na M.

Siku ya pili nikapewa dirisha. Mgonjwa wa kwanza akasema anaitwa Aloyce Massawe. Nikaenda kwenye sanduku, nikarudi na kadi tisa.

"Umeniletea ukoo mzima," Sista akasema. "Mgonjwa ni yupi?"

Nilipaswa kujua. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Mzee akiwa na watoto wa kiume watano, wote wakaoa, usishangae kukuta kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo lenye nyumba zao na migomba, wajukuu watano wenye jina lake, na ukoo wao mmoja, na wengine wamezaliwa mwaka mmoja. Nyumbani kwetu kina Yasinta tulikuwa watatu, na nilishawahi kuchapwa kwa kosa la mwingine. Lakini nilipokaa dirishani nilijiona ni mtu wa ofisi, na mambo ya nyumbani nikayaacha getini.

Sista akaniambia, "Usimuulize mtu jina ukaridhika. Muulize mama yake ni nani, na kihamba chao kiko wapi. Jina la kijana ni la babu yake. Mama ni wake peke yake."

Niliuliza swali hilo kwa karibu miaka ishirini. Wageni kutoka mikoa mingine walikuwa wanashangaa. Wengine walifikiri ninatafuta mchumba kwa ajili ya mdogo wangu.

Mwaka wangu wa kwanza haujaisha, akaletwa mtoto wa miaka minne hivi, Melkiori Massawe. Alikuwa na kidonda kooni, akachomwa sindano ya penisilini, na kabla mama yake hajafika getini mtoto akavimba uso, akaanza kukosa pumzi. Mama yake, Fortunata, alirudi mbio naye mikononi. Walimuokoa. Mchana ule Sista alinipa kalamu yenye wino mwekundu, akanisimamia nikiandika juu ya kadi: asichomwe penisilini. Kisha akanitaka nitoe na kadi ya Melkiori mwingine, mtoto wa Gaudensia, mke wa shemeji yake Fortunata; naye mtoto huyo alikuwa na umri uleule na aliishi kihamba kilekile upande wa juu wa mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba. Tukaziangalia pamoja. Moja nyekundu, moja safi. "Hizi mbili," akasema, "usije ukazichanganya hata ukiwa na homa."

Sikuzichanganya. Fortunata alipokuwa akija na mtoto alinisimamisha dirishani aone kama ule wino upo. Nilimwonyesha kila mara.

Katikati ya miaka ya tisini marafiki wa parokia kutoka Ulaya walituletea kompyuta mbili zilizokwisha kutumika, na pamoja nazo akaja mgeni wa kujitolea tuliyemwita Bwana Petro. Alikaa nasi miezi sita akitutengenezea programu ya masjala. Alikuwa kijana mwenye adabu. Hakuanza kuandika mpaka alipokaa wiki mbili kwenye kigoda nyuma yetu akitazama tunavyouliza. Ndiyo maana programu yake ilikuwa na nafasi ya jina la mama, na nafasi ya kihamba, na badala ya wino mwekundu iliweka nyota mbele ya jina. Alimuuliza Sista, "Ni wapi wanapouliza mama kwanza?" Sista akamjibu, "Hapa." Akaandika.

Kuhamisha kadi zote kuingia kwenye mashine kulituchukua zaidi ya mwaka. Kioo kilikuwa cheusi, maandishi ya kijani, na macho yangu hayajapata kurudi kama yalivyokuwa. Nilishona mifuniko ya kitenge ya kuzuia vumbi. Umeme ulipokuwa unakatika tulikuwa tunapoteza kazi ya asubuhi nzima, tunaguna, tunaanza upya. Lakini ulipoandika "Melkiori Massawe" walitokea wawili, mmoja chini ya mwenzake, kila mmoja na mama yake, mmoja ana nyota. Sista Adelina aliyaona hayo kwa macho yake kabla hajafariki, na nadhani alifariki akiwa ameridhika.

Fundi wa mashine hizo alikuwa Hamisi wa Majengo, huko chini mjini Moshi. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na televisheni karibu na chumba alichopanga, na mara ya kwanza aliitwa atengeneze stabilaiza tu, kile kifaa cha kutuliza umeme. Kompyuta alijifunza kwa kuifungua iliyokufa na kuitandaza juu ya kitanda chake mwenyewe, mpaka mkewe akalala kwa jirani. Kila alipopanda huku kwetu alivaa makoti mawili. "Dada Yasinta," alikuwa akisema, "nyie mnaishi ndani ya friji halafu mnaona sawa."

Miaka ya elfu mbili ilipokuwa imekwenda kidogo, Hamisi alikuja na habari mbaya. Kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoiamsha asubuhi na kuzibeba programu nyingine zote. Mfumo wetu ulikuwa umezeeka, na waliouunda walikuwa wametangaza kwamba hawataurekebisha tena. Sikuelewa hatari iko wapi, maana mashine ilikuwa inawaka.

"Itaendelea kuwaka," Hamisi akasema. "Ni kama gari ambalo spea zake hazitengenezwi tena. Linatembea, linatembea. Siku likilala, limelala. Na hizi kompyuta mpya za madukani hazitaki hata kuuona mfumo huu."

Masika yaleyale moja ya zile mbili ililala. Tukabaki na moja, na majina ya watu wote waliowahi kutibiwa hapa yamo ndani yake.

Daktari mfawidhi wakati huo alikuwa Dokta Urio, mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapotaka kufikiri. Alituita mimi na Hamisi ofisini kwake. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, tubaki na mfumo wa zamani, tukinyofoa vipuri kwenye ile iliyokufa mpaka viishe. Ya pili ilikuwa ya Hamisi: kuna mfumo wa bure, unaotengenezwa na watu wengi kwa pamoja huko duniani, na ndani yake ile programu ya Bwana Petro ingeweza kuendeshwa kama ilivyo, bila kubadilisha hata herufi. Ya tatu ilikuwa ya kampuni moja ya Dar es Salaam: kompyuta mpya, mfumo mpya, programu ya hospitali iliyo tayari, mafunzo, na mtu wa kumpigia simu ukikwama.

"Huu wa bure," Dokta akauliza, "hapa Moshi nani mwingine anaujua?"

Hamisi akatazama makoti yake. "Kwa sasa ni mimi, Dokta."

"Na wewe ukiugua?"

"Mtanitibu," Hamisi akasema. Tukacheka, lakini swali lilibaki palepale.

Dokta akanigeukia. "Yasinta, wewe ndiye utakayekaa nayo kila siku. Sema."

Nikasema ya tatu. Nataka mjue kwa nini. Kwanza, nilichoka. Pili, nilikuwa naona aibu. Wageni kutoka hospitali nyingine walikuwa wakija, wanakiona kioo changu cheusi, wanatabasamu, na mimi nilitaka kioo chenye rangi kama wenzangu. Hizo sababu mbili sikumwambia Dokta. Nilimwambia habari ya mafunzo na ya mtu wa kupigiwa simu. Zilikuwa sababu nzuri, wala hazikuwa za uongo, ila si zilizonisukuma.

Kampuni ikamleta kijana, Erick, mchangamfu, mwenye shati lililopigwa pasi hata baada ya safari ya basi. Nilimuuliza jina la mama litakaa wapi.

"Shikamoo mama. Hilo tutaliweka kwenye maelezo, usijali. Sistimu inamtambua mtu kwa jina, ukoo na tarehe ya kuzaliwa. Ndiyo standadi, mama."

"Sisi hatuna tarehe. Tuliandika umri tu."

"Itapiga hesabu yenyewe. Inachukua mwaka, inamwekea Januari mosi. Haikubali nafasi tupu, ndiyo hivyo."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha tukaijaribu. Erick alinitaka nitaje majina ishirini, tuone kama yamehamia vizuri. Nikataja, na yote ishirini yakatoka, pamoja na nyota zake, ambazo sasa ziligeuka kuwa kisanduku chekundu kilichoandikwa tahadhari. Nilipiga makofi. Baadaye nilikaa nikayatazama yale majina ishirini niliyochagua. Epimaki. Yusta mwenye mguu mmoja. Mzee Sirili aliyeng'atwa na nyoka mara mbili. Nilitaja majina niliyoyakumbuka, na jina unalolikumbuka upesi ni lile lisilofanana na mengine. Hakuna Aloyce hata mmoja niliyemtaja. Hakuna Melkiori.

Hamisi aliomba kitu kimoja: mifumo yote miwili iende sambamba mwaka mzima, kila mgonjwa aandikwe mara mbili, tulinganishe. Tulifanya hivyo wiki tatu. Foleni ilifika kwenye mti wa mkaratusi, wagonjwa wakanuna, na mimi vidole vikauma. Wiki ya nne nikamwambia Dokta inatosha. Akafuta miwani, akakubali, kwa kuwa aliniamini.

Siku ya kuhamisha vyote, Erick alikaa na mimi pembeni, Hamisi nyuma yetu. Mchana mzuri, umeme upo, mlima umefunguka juu ya paa la wodi. Katikati ya kazi kioo kikasimama, kikaleta orodha: haya majina yamerudiwa, jina moja, ukoo mmoja, tarehe moja. Chini yake palikuwa na swali kama tuyaunganishe.

Mnapaswa kujua kwamba marudio ya kweli tulikuwa nayo mengi. Mtu alikuwa akipoteza namba yake anadanganya ni mgeni, anaandikwa upya. Yalinikera miaka yote. Nikafungua ukurasa wa kwanza wa orodha, nikawajua watu wale: marudio ya kweli. Ukurasa wa pili, hivyohivyo. Kurasa zilikuwa nyingi.

"Dada, umeyapitia yote?" Hamisi akauliza.

"Nayajua haya," nikasema. "Ni wale wanaopoteza namba."

"Kwa hiyo, mama?" Erick akauliza, mkono juu ya kipanya.

Nikasema, "Unganisha."

Hamisi akaomba asubiri. Akachapa orodha yote kwanza kwenye ile karatasi ndefu yenye matundu pembeni, akaikunja, akaitia ndani ya koti. Nikamtania kwamba anakwenda kufungia vitumbua. Kisha Erick akabonyeza. Kila palipokuwa na wawili akabaki mmoja, yule aliyetibiwa karibuni, na yule wa zamani akamezwa pamoja na maelezo yake yote.

Miezi ikapita, na nasema kweli, ilikuwa miezi ya raha. Jina linaandikwa, mtu anatokea. Swali la Sista Adelina sikuliuliza tena mara nyingi, kwa kuwa halikuwa na kazi: unamuuliza mtu mama yake pale wanapotokea wawili, na kioo changu kipya kilikuwa kinatoa mmoja.

Asubuhi moja vijana watatu walimleta mwenzao wakiwa wamembeba. Alikuwa mpagazi wa mlimani, alijikata mguu kwenye jiwe siku kadhaa zilizopita, sasa mguu umevimba na homa imempanda hata maneno hayatoki sawasawa. Nesi Theodora akaja dirishani kwangu.

"Mama Yasinta, hebu niangalizie Melkiori Massawe, miaka ishirini na mbili. Mwenyewe hajui lolote, hana daftari. Ana alama?"

Nikaandika. Akatokea mmoja.

"Yuko mmoja tu," nikasema. "Hana alama."

Nililisema kwa furaha kidogo, maana halikunichukua hata nusu dakika. Theodora akashukuru, akaenda.

Ya wodini sitayaeleza. Nesi Theodora alifanya kila alichotakiwa kufanya, kabla na baada, na ninaliandika hili waziwazi kwa kuwa wako kati yenu waliomsema. Kabla ya kengele ya chakula cha mchana Melkiori alikuwa amefariki.

Fortunata alifika nusu saa baadaye. Alikuwa anapalilia kahawa alipopata habari, udongo ulikuwa bado kwenye mikono, na mkononi alishika daftari la mtoto wake la hospitali. Hakuwa ameambiwa bado. Alikuja moja kwa moja dirishani kwangu kama alivyokuwa akija miaka yote.

"Mwanangu hachomwi ile ya penisilini," akasema huku anahema. "Nimewaletea daftari wasije wakasahau. Lakini si mliandika? Yasinta, si uliandika?"

Niliandika. Niliandika kwa mkono wangu, kwa wino mwekundu, nimesimamiwa. Theodora akatoka, akamshika mabega, akamwingiza ndani, na baada ya muda nikasikia.

Ile kompyuta ya zamani ilikuwa stoo, chini ya kitenge changu. Nikaiwasha. Ilikoroma, ikachukua muda wake, ikaleta kioo cheusi. Nikaandika jina. Wakatokea wawili, mmoja chini ya mwenzake. Wa Fortunata, nyota. Wa Gaudensia, hana.

Dokta Urio alipokuja kunitafuta alinikuta nimekaa sakafuni. Nilimweleza yote, hata ile habari ya aibu ya kioo. Akaandika ripoti ya kweli, akaipeleka kwa wakubwa wa hospitali, na jibu likarudi kwamba familia iambiwe mwili wa kijana ulikataa dawa, basi. Na kweli mwili ulikataa dawa. Dokta hakulipenda jibu lile, lakini alinyamaza, na mimi nikanyamaza nyuma yake, nikifurahi kwamba kuna mtu mbele yangu. Nilikwenda msibani. Nilikaa na wanawake wenzangu tukimenya ndizi za kupikia waombolezaji, na Fortunata alipopita akaniinamia, akanishika mkono.

"Aika," akaniambia. Asante kwa kuja.

Kushukuriwa hakujapata kuniuma kiasi kile, tangu siku hiyo mpaka leo.

Zikapita wiki tatu. Akaja dirishani kijana mrefu anayetetemeka, malaria imemshika. Pembeni yake alikuwa Fortunata. Tangu msiba hakumwacha kijana huyu atoke peke yake.

"Shikamoo mama. Melkiori Massawe," kijana akasema.

Nikaandika jina, ingawa mkono ulikuwa umeshajua. Kioo kikaandika: marehemu. Fomu ya kumwona daktari haikutoka. Mfumo haukubali kumwandikia marehemu. Nikajaribu tena. Nyuma yao foleni ikaanza kukohoa.

"Kuna tatizo, mama?" kijana akauliza.

Fortunata akaweka mkono kwenye ukingo wa dirisha. "Inasemaje?"

"Inasema Melkiori amefariki."

"Yule amefariki. Huyu je?"

"Huyu... hayumo."

"Hayumo vipi, na mwaka jana alilazwa hapahapa?"

Nikamwandikia kijana fomu kwa mkono, nikampeleka mwenyewe kwa daktari. Kisha nikamwachia mwenzangu dirisha, nikatoka nje, nikamkalisha Fortunata kwenye benchi la kusubiria. Nilimwambia kwa Kichagga. Kazini nilizoea Kiswahili, lakini nilijua kwa Kiswahili ningesema "mfumo umeunganisha", na nilitaka kusema nimeunganisha mimi. Nikamwambia habari ya orodha, kurasa mbili nilizosoma na zile nilizoziacha. Nikamwambia ni mimi niliyemjibu nesi kwamba hana alama.

Hakulia. Hakunigusa. Nilitamani anipige.

"Wangapi?" akauliza.

"Wangapi nini?"

"Umewaunganisha wangapi?"

"Sijui, mama. Orodha ni ndefu."

"Kwa hiyo sasa hivi kuna mama mwingine yuko shambani kwake, anapalilia, na alama ya mtoto wake haipo, na yeye hajui."

"Ndiyo."

"Basi simama," akasema. "Umekaa nini?"

Nilikwenda kwa Dokta nikamwambia nimeshamweleza Fortunata yote. Akavua miwani, safari hii hakuifuta. "Afadhali," akasema. Wakubwa wakaniandikia barua ya onyo, nayo iko kwenye faili langu, atakayetaka aisome.

Tukachagua upya. Safari hii sikuulizwa napenda kipi. Nilikuja na swali langu mwenyewe: mfumo huu utamkataa nani? Programu ya Bwana Petro tukairudisha, ikiendeshwa ndani ya ule mfumo wa bure wa Hamisi, kwenye kompyuta mpya, na Hamisi akawafundisha vijana wawili ili swali la Dokta lipate jibu. Ile ya Dar es Salaam hatukuitupa. Erick alikuja mwenyewe baada ya kusikia, akakaa kwenye kile kigoda cha Bwana Petro akitazama tunavyouliza, na kampuni yake ikachukua muda mrefu lakini ikaliweka jina la mama mahali pa kumtambulisha mtu. Mnayoitumia leo ni hiyo. Ile nafasi mnayolalamika kwamba inawachelewesha, sasa mnajua imetoka wapi. Na siku watakapowaambia nayo haitarekebishwa tena, nanyi mtachagua, msiijaribu kwa majina mnayoyakumbuka. Ijaribuni kwa majina yanayowachosha. Na mtu aliyechoka asiachiwe kusema neno la mwisho, hata kama ndiye anayejua zaidi.

Kilichobaki kilikuwa ile karatasi ya Hamisi. Aliitoa ndani ya koti lake ikiwa imekunjwa vilevile. Kila jina lililokuwa na watu wawili kweli ilibidi tulijue kwa kwenda nyumbani, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa walioandikwa baada ya kuhama walikuwa wamechanganyika na wenzao, na mashine ya zamani isingejua. Nilitembea vihamba kwa miguu kila Jumamosi na kila likizo yangu, karibu miaka miwili. Upande wa bonde lao Fortunata alikwenda nami. Sikumwomba. Nilimkuta ananisubiri kwenye daraja la mfongo, viatu vya mpira mguuni.

Alikuwa anawajua mama wote. "Kina Aloyce wenu wako wangapi?" anauliza akiwa bado getini, nao wanacheka, wanahesabu kwa vidole, wanatukaribisha maziwa ya mgando. Yeye alicheka nao. Tukitoka anatangulia mbele, hasemi nami neno mpaka nyumba inayofuata. Katika nyumba mojawapo tulimkuta Epifania, mjamzito wa miezi minane, aliyekuwa amemezwa na binamu yake. Alama yake ilikuwa imepotea, na mwezi mmoja tu baadaye alijifungua hapa kwetu. Fortunata alipoambiwa kwamba mama na mtoto wamerudi nyumbani salama, aliitikia kwa kichwa tu.

Jina la mwanawe lilikuwa kwenye ukurasa wa nne. Siku ya kwanza kabisa aliniambia, "Wangu awe wa mwisho." Nikalipigia mstari, nikaliruka.

Tulipomaliza, alikuja masjala akiwa amevaa nguo za kanisani. Nilimfungulia mlango akaingia upande wetu, akakaa kwenye kiti cha karani, pembeni yangu, akitazama kioo. Nikamtoa Melkiori wa Gaudensia nikamweka peke yake, mzima. Kisha nikafungua ukurasa mpya kwa ajili ya mtu ambaye hatakuja tena dirishani. Niliuliza yote kwa mpangilio, kama anavyoulizwa mgeni, naye akajibu yote. Jina. Ukoo. Mama yake ni nani. Kihamba kiko wapi. Penisilini.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea polepole, tangu juu mpaka chini. Alisogea karibu na kioo, akaweka kidole kwenye jina lake mwenyewe, kwenye nafasi ya mama.

"Huyo ndiye," akasema. "Sasa andika kwamba amefariki."